Nyuzi Nilizochaguliwa na Wauza Dagaa

Kwa miezi saba baada ya mke wangu kufariki nilipiga besi katika kila shughuli tuliyoalikwa, na hakuna aliyenisikia. Mwenyewe sikulalamika. Besi yangu ni ya umeme, ya kusimama, ndefu kama mnara wa simu: shingo na ubao mwembamba tu, tumbo haina. Aliniachia mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi za wakimbizi, siku anarudi kwao. Watu wa Ujiji walipoiona mara ya kwanza waliniuliza kama ni mtambo wa kukamulia mawese. Nikawajibu ndiyo, leteni chikichi.

Nyuzi zake zilikuwa zilezile za yule mgeni. Zimezungushiwa utepe bapa wa chuma, laini kwa vidole, na kwa miaka zilikuwa zimekunywa jasho langu ndoo nzima. Ukizigusa zinatoa sauti ya gunia la chumvi likidondoshwa sakafuni: bu. Halafu kimya. Zilinifaa. Upige noti kumi na mbili, upige mbili, zote ni bu.

Kikundi chetu cha taarab kina mzee wa fidla, ambaye alianza kupiga kabla ziwa halijachimbwa, mpiga kinanda, mpiga dumbaki, mimi, na mwimbaji wetu, dada mkubwa wa marehemu mke wangu. Kikundi ni chake, na ua tunaofanyia mazoezi ni wake. Siku moja tulipomaliza akaniita mbele ya wote.

"Shemeji, sikusikii."

"Nipo, shemeji."

"Najua upo, nakuona. Mtu mrefu na mti wake mrefu, nitaacheje kukuona? Nasema sikusikii. Naimba kama nimesimama hewani, chini hakuna kitu."

Mpiga kinanda akakohoa, akasema mkono wake wa kushoto hauna kazi nyingi, anaweza kupigia besi.

"Kuna harusi Rusimbi, Jumamosi ya tatu kutoka leo," shemeji akaniambia. "Badilisha nyuzi. Nisipokusikia kwenye mazoezi ya mwisho, besi itapigwa na kinanda, na wewe utakaa na wageni ule pilau."

Mtu mwingine angeumia. Mimi nilijikagua ndani kama anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa, nikakuta wazo la pilau tu, nalo halina njaa. Nikamwambia sawa.

Sasa, mimi ni mhitimu wa shule ya jioni. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na mvi za kujaza mto wa kulalia, na sura ya mtetemo katika fizikia naijua kuliko aliyeiandika. Nikamtumia muuzaji wa vyombo vya muziki Dar es Salaam ujumbe mrefu kuliko Katiba, nikimweleza unene, uzito na mkazo wa kila uzi. Akanijibu mstari mmoja: nyuzi za sauti angavu anazo aina mbili, atazirekodi zote, nichague kwa sikio.

Nikasikiliza rekodi kwenye simu. Elimu yangu ikaishia hapo. Spika ya simu yangu ni ndogo kama punje ya mtama, na besi ilipita pale kama ng'ombe anayepenya tundu la ufunguo. Kilichotoka upande wa pili ni mbu. Aina ya kwanza, mbu. Aina ya pili, mbu.

Asubuhi yake nikaenda kwa fundi simu karibu na soko, mwenye spika mbili kubwa kama kabati za nguo. Akaunganisha simu yangu, akasahau kupunguza sauti. "Kaka, hii ya kwanza!" muuzaji wa Dar akanguruma, na nadhani hata Kongo ng'ambo ya pili walimwitikia. Kisha besi ikapigwa. Bati za kibanda zikatetemeka. Mbele yetu walikaa akina mama wauza dagaa, safu nzima, na ninaapa dagaa kwenye masinia walisogea hatua moja kurudi ziwani.

"Kaka, na hii ya pili!"

Nikasubiri nisikie tofauti. Zamani nilitambua uzi uliolegea nikiwa chumba cha pili nimefunga mlango. Sasa ya kwanza ilikuwa besi, na ya pili ilikuwa besi. Nikaomba irudiwe. Ikarudiwa. Hakuna kitu. Nikaogopa, ila hofu yenyewe ilikuwa mbali, kama ya mtu mwingine niliyesimuliwa habari zake.

"Baba, unachagua nini?" akaniuliza mama mmoja anayeleta dagaa kutoka Ilagala.

"Nyuzi."

"Za nyavu?"

"Za huyu anayenguruma."

"Hebu rudisha ya kwanza." Fundi akarudisha. Mama akainamisha kichwa. "Huyu ameamka sasa hivi, hajapiga mswaki. Lete wa pili." Fundi akaleta. "Ego," akasema kwa Kiha, ndiyo huyo. "Huyu ameshanawa uso. Namsikia anapoanzia na anapoishia."

Jirani yake akakataa. "Wa pili ana kelele. Wa kwanza ana adabu."

"Adabu ya nini wewe, unataka akuoe?"

Safu nzima ikaangua kicheko. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, wa pili akashinda.

"Na wewe baba, unampenda yupi?"

"Wa pili," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa.

Zikaja kwa basi, ndani ya bahasha. Nikazifunga barazani kwangu Buzebazeba, natoa mmoja nafunga mmoja, maana ukizitoa zote kwa pamoja kile kijiti kinachozibeba kinaanguka. Hizi zimezungushiwa waya wa duara. Ukipitisha kidole unahisi vingazi vidogovidogo, na zinakwaruza. Za zamani zilitoka nyeusi. Nilidhani nitaona vibaya kuzitupa. Nikazitupa.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa Alhamisi alasiri. Shemeji akaanza wimbo wa kumsifu bibi harusi, nami nikaingia.

Sauti ilitoka safi kama sahani iliyotoka kuoshwa, kila noti na kingo zake. Na kwa kuwa ilikuwa safi, ua mzima ukasikia ninachopiga. Nilikuwa napiga noti mbili. Wimbo ule besi yake inapanda, inageuka, inashuka na kumpokea mwimbaji mlangoni. Mimi nilisimama palepale nikikanyaga kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mlinzi wa geti la benki.

Shemeji akanyanyua mkono. Wote wakaacha.

"Kumbe ndicho unachopiga?"

"Ndicho."

"Tangu lini?"

"Tangu msiba."

Mpiga kinanda akautazama mkono wake wa kushoto. Nikangoja niambiwe habari za pilau. Shemeji hakuniangalia, aliangalia spika.

"Wimbo huu una beti sita," akasema. "Mimi naimba tatu, nazirudia. Mwezi wa ngapi sasa, na hakuna aliyeniambia."

"Mimi nilijua," mzee wa fidla akasema. "Nyote wawili nilijua. Mnadhani kwa nini napiga bila kupumzika? Nawafunika. Bega hili si langu tena, wanangu. Nimechoka."

Nilitamani mmoja wetu alie ili yaishe. Hakuna aliyelia. Shemeji akavuta kiti chake hadi karibu na spika yangu, akakaa.

"Jumamosi utapiga," akasema. "Hizohizo mbili. Ukipata ya tatu, utaniletea."

"Nisipoipata?"

"Basi mbili. Lakini hizo nazisikia."

Akaanza upya, polepole. Mzee akalaza fidla mapajani, wengine wakasubiri. Nikapiga kulia, kushoto. Kifuani hakukuwa na kitu, na hapo siongezi chumvi. Akaimba beti zake tatu. Alipofika ubeti wa nne hakurudia kama kawaida yake. Alinyamaza, akaacha nafasi ya maneno wazi, nami nikaendelea kupiga peke yangu, ua mzima unasikia, hadi aliporudi kwenye ubeti wa kwanza.