Kambi Ilivyofunga Mizigo kwa Kiingereza Changu

Jamani, kuna aibu zinazozeeka zikaisha, lakini hii yangu ya kambi ya Dzaleka, kule Malawi, bado ni mbichi, na mkiniona nawakwepa watu wa Fizi kwenye arusi msifikiri nina maringo, ni haya tu, na leo kwa sababu mmenibana nitasema yote.

Ilikuwa wakati wa vita vya kwetu. Mimi na mama tulikuwa tumekimbia kutoka Bukavu, Kongo, na pale kambini nilikuwa nasoma sekondari kwa mwalimu wetu, Prof Byamungu, ambaye alitufundisha muziki kwa gitaa moja na subira nyingi. Prof alihangaika mpaka akapata mgeni wa kuja kutueleza kazi za muziki, Bwana Chisale, mkubwa wa kampuni moja ya kaseti huko Lilongwe, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Shida ni kwamba mgeni hakujua Kiswahili wala Kifaransa, na Prof Kiingereza kilimpiga chenga. Akauliza, "Nani atatafsiri?" Kulikuwa na Espérance, msichana mkimya aliyekijua kile Kiingereza kuliko sisi wote, lakini kabla hajainua kichwa mimi nilikuwa nimeshasimama. (Cha kwangu nilikiokota sokoni na kwenye redio, lakini nani alikuwa ananiuliza?)

Mwanzo ulienda vizuri. Mgeni akasema muziki si kuimba tu, kuna fundi wa kurekodi, kuna mtunzi, kuna mwenye kupanga matamasha, mwenye kusambaza kaseti madukani, hata mwenye kuchora picha ya jalada, na mimi natafsiri mkono mfukoni kama ministre. Halafu akasema jambo moja. Sasa hivi najua kwamba Waingereza wakitaka kukueleza kazi hatua kwa hatua husema watakuchukua wapite nawe ndani yake, ni namna yao tu ya kusema, lakini siku ile sikujua, nilishika lile neno la "kuchukua" peke yake nikatangaza, "Anasema atatuchukua."

Darasa zima likaweka kalamu chini. Mjue kwamba kambini kuchukuliwa kulikuwa na maana moja tu, nayo ni kupanda ndege kwenda kuishi ng'ambo.

"Atatuchukua wapi?" mmoja akauliza.

Hapo njo ningemgeuzia mgeni lile swali, si ndiyo? Lakini kuuliza ni kukubali kwamba sikuelewa, na mgeni mwenyewe alikuwa anaendelea kusema kwamba mwenye bidii katika muziki hufika mbali, basi nikajibu, "Mbali."

Dirishani alikuwa amesimama Mama Sifa na beseni lake la mandazi. Huyu alikuwa mjane wa Fizi, mwanzishaji wa nyimbo katika chorale ya kanisa letu. Akaingiza kichwa ndani. "Muulize, na sisi bamama ba chorale je?"

Nikamuuliza. Mgeni akatabasamu, akasema kazi hii ina nafasi ya kila mtu.

"Kila mtu ana nafasi," nikasema. "Na Ijumaa minibus inakuja." (Minibus ilikuwa ya kupeleka darasa letu kuona studio mjini na kurudi jioni. Hilo la kurudi lilinipita.) Hata Prof alivua miwani akajifuta macho.

Espérance alinifuata nje. "Mi sikusikia vile. Twende tumuulize mbele hajaenda."

Nikamwambia ana wivu.

Basi habari ikatembea kambi nzima, na kila ilipofika iliongezeka, na mimi, badala ya kuizima, nilikuwa napita katikati ya watu nasalimiwa kwa mikono miwili, na ilinipendeza. Kufika Ijumaa, uwanja wa shule ulikuwa umejaa mabegi, magodoro yaliyofungwa kamba, chorale yote ndani ya sare, na mzee mmoja na kuku wake kwapani. Bwana Chisale alishuka kwenye minibus akafikiri wamekuja kumpokea, akapunga mkono akiwashukuru, "Zikomo! Zikomo!" mpaka alipoona godoro linapanda juu ya gari na dereva anapiga kelele.

Akanigeukia, anauliza watu hawa wanafanya nini. Nikamweleza nilivyoweza, na nilimwona anavyobadilika uso. Hakunifokea. Aliongea polepole, maneno mafupi, ili safari hii nisikosee, na Prof, ambaye sasa alikuwa ameelewa, akaniambia, "Panda kwenye ngazi ya gari. Tafsiri."

Nikapanda. "Anasema yeye hana ndege, hana viza. Anasema alikuja kufundisha tu. Anasema... ni mimi nilikosea."

Wengine walicheka, wengine walinitukana, mzee wa kuku akatema mate chini akaenda zake. Mama Sifa yeye alikuwa ameng'oa maharagwe yake machanga, amegawa masufuria, na nyumba yake ameipa familia moja iliyotoka Uvira juzi tu na batoto wadogo. Nilishuka nikamwambia achukue kiti changu, aende hata kuona studio.

"Niende kuona nini?" akasema. Akabeba begi lake.

Mama yangu alimwambia aombe arudishiwe nyumba yake. Akakataa. "Bale bantu balikuwa wanalala chini. Nibatoshe mule ndani namna gani?" Basi akaja kukaa kwetu, mkeka wangu ukawa wake, mimi nikalala jikoni. Alikuwa anaimba akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, kwa sauti ile iliyokuwa ikilisimamisha kanisa zima, na mimi nikiingia tu ananyamaza.

Siku moja nilipiga magoti nikamwomba msamaha, nikasema sikujua lile neno.

"Kukosa Kiingereza haiko kosa, mwanangu," akaniambia, macho yakiwa kwenye kinu. "Lakini Espérance alikuambia."

Nilichobaki nacho ni hiki: neno likinipotea kati ya watu wawili nainua mkono nasema sijaelewa, rudia, hata kama wote watanicheka. Mama Sifa alifia kwetu, msimu wa mvua uliofuata, bado anamngojea mtu amjengee chumba badala ya ile nyumba aliyoigawa.