Nyuzi Sitini na Tano za Tarmo

Mimi ndiye Tarmo, mwandishi wa programu hapa Kuopio, Ufini, na ukimwuliza yeyote kwenye jengo letu atakwambia Tarmo anaoga sauna ya nyuzi mia. Atakwambia hivyo kwa sababu nimemwambia mwenyewe, tena bila kuulizwa. Ukweli ni kwamba sitini na tano zinanitosha. Zikizidi hapo natoka mbio. Lakini ningemwambia nani? Shemeji yangu Ilpo angenicheka mpaka kesho.

Jengo lina sauna moja, chumba cha kuogea kwa joto la jiko, kila nyumba na zamu yake. Nikajitolea kuandika programu: unachagua joto lako kwenye simu, jiko linajiwasha. Ndani ya programu, namba ya joto hukaa kwenye kisanduku chenye jina. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kila zamu iwe na kisanduku chake, kifungiwe ndani, zamu nyingine isikiguse. Mimi bingwa nikaweka kimoja tu, nje kabisa, wazi kwa wote. Eti narahisisha kazi.

Jumamosi nikateremsha joto kimyakimya, nikaoga raha mustarehe. Aliyenifuata ni mama Aune wa ghorofa ya tatu, mjane wa miaka themanini na ushei, ambaye wiki nzima huingojea saa yake hiyo moja. Namba yangu ilikuwa bado imo kisandukuni, imefuta yake aliyoiweka tangu asubuhi.

Nilikuwa ngazini namsimulia Ilpo habari za mia yangu, mlango wa sauna ukafunguliwa kwa kishindo.

"We Tarmo!" Mama Aune, taulo mwilini, midomo inamtetemeka. "Nimeweka tisini na tano, kibao cha joto hapa mlangoni kinasema sitini na tano! Hilo joto la kuumulia unga! Nani kaliacha?"

Ilpo akanigeukia. "Si umetoka wewe sasa hivi, shemeji?"

"Programu imekosea," nikasema. Loo! Sijawahi kufurahia ubovu wa kazi yangu kama siku hiyo.

"Itengeneze basi! Sina saa nyingine mpaka Jumamosi ijayo."

Nikakaa palepale ngazini, kompyuta mapajani, nikampa kila mtu kisanduku chake na kukifunga. Joto la jiko likaanza kupanda. Mama Aune akakitazama kibao, uso ukamkunjuka.

"Sasa joto la mtu haliingii kwa mwenzake?"

"Haliingii, mama."

"Wala hakuna anayeliona?"

"Hakuna. Hata mimi silioni."

"Afadhali kwako, mwanangu," akasema, sauti ikafika ghorofa ya nne, kisha akajifungia ndani.