Donge la Mwisho la Mwanamkuu

Watu wa Msimbazi walimjua Bushiri kwa majiko ya udongo na vyetezo. Kwa maneno hawakumjua. Mdomo wake ulikuwa mkewe, Mwanamkuu: ndiye aliyekanda udongo asubuhi, akabishana na wachuuzi wa Kariakoo mchana, akamsemea mumewe hata kwa mjumbe. Kazi ya Bushiri ilikuwa kufinyanga na kutikisa kichwa.

Miaka ya karibuni vidole vyake vilianza ukaidi. Akipata nafasi, vilitoa vitu visivyo na jina, visivyo na mdomo wala kitako, vimejikunja kama mtu anayesikia baridi. Jirani yake Abdulrazak, muuza viatu vya mitumba Mchikichini, hakumwacha.

"Bushiri bwana, jiko gani hilo? La kupikia majini?"

"Mwache!" Mwanamkuu alijibu toka uani. "Wewe unauza kiatu cha kushoto peke yake, nani kakuuliza?"

Jovitha, mwanamama mwenye ukumbi wa sanaa Upanga, alivichukua vitatu akaviweka juu ya meza nyeupe. Watu walivizunguka kimya. Mwanamkuu alivaa buibui jipya kwenda kuvitazama. Walipokuwa wanarudi alisema, "Mimi sijaelewa kitu. Lakini hapa pameniuma," akajigusa kifuani.

Mwezi uliofuata presha ikamchukua.

Matanga yalipoanuliwa, Bushiri alilikuta donge la mwisho alilolikanda mkewe, limeviringishwa kwenye khanga yenye maji. Alama za vidole vya Mwanamkuu zilikuwa juu yake bado, vinne upande huu, gumba upande ule.

Alilifanyia kazi donge lile wiki nzima bila kuzigusa alama zile. Alilipinda, akalitoboa, akaacha uwazi mkubwa mahali ambapo chungu kingekuwa na tumbo. Kisha akaliacha likauke kivulini, juu ya rafu ya uani. Kilichobaki ni moto tu. Tanuri lake la vifuu lilikuwa na tabia ya kupasua vitu, kwa hiyo Jovitha aliahidi kuja Jumatatu alichukue, akalichome kwenye tanuri la umeme. Mtu mwingine hakuambiwa.

Arobaini iliangukia Jumapili. Asubuhi wanawake walikuwa uani wanachambua mchele wa pilau, na Shamsa, mdogo wake Mwanamkuu, anafagia. Akasimama mbele ya rafu.

"Shemeji, na hiki? Kimekuharibikia?"

Wanawake wote wakainua macho. Bushiri akahisi masikio yanawaka. Aseme nini mbele ya watu? Kwamba ni mkewe?

"Ah," alisema. "Si kitu."

Akaenda zake jamvini kwa wanaume.

Hitima ikasomwa, ubani ukafukizwa, pilau likaliwa. Alasiri, watu walipotawanyika, alirudi uani. Rafu ilikuwa imepanguswa safi.

"Shamsa, kile kitu..."

"Nimeshakulowekea, shemeji," alisema Shamsa akifuta mikono, uso umekunjuka. "Kiko kwenye pipa. Si unamjua marehemu dada? Chungu kibichi kikiharibika hataki kukiona, kinarudi majini hapo hapo. Nikasema leo ni siku yake, tufanye kama yeye."

Hakukosea. Ndivyo walivyofanya katika nyumba ile miaka yote. Udongo uliochomwa haurudi nyuma, lakini ambao haujaonja moto hulegea majini kama mkate kwenye chai.

Bushiri alikunja mkono wa kanzu, akauzamisha ndani ya pipa mpaka kwenye kiwiko. Akapapasa chini polepole. Hakukuta ukingo, wala tundu, wala gumba. Lilikuwa tope laini tu, linapita katikati ya vidole vyake na kuteleza.

"Utafinyanga kingine, shemeji. Udongo si upo wote?"

"Upo," alisema Bushiri. "Ahsante."

Jumatatu Jovitha alikuja na boksi lililotandikwa vipande vya godoro. Alimkuta amejiinamia, anafinyanga jiko.

"Kiko wapi, mzee wangu?"

"Hakikutoka."

Hakuinua kichwa. Pipa alikuwa amelifunika kwa ile khanga. Udongo wa jiko aliukanda mwenyewe, tena vibaya, na kila alipouzungusha vijiwe vilimkwaruza kiganja.