Ndolo na Mkewe Katikati ya Bwawa

Ndolo Kisilu alichonga twiga na vifaru kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba aliyopanga na mkewe katika mtaa wa Tena, Nairobi, kabla mtu yeyote hajamwomba amchongee kasia.

Aliyemwomba ni Caleb, jamaa wa mtaa jirani wa Donholm aliyesimamia mashua za kukodisha katika bwawa moja chini ya milima ya Nyandarua, mahali ambapo watu wa Nairobi huenda Jumamosi kupiga makasia, kula nyama choma na kutetemeka kwa baridi. Makasia ya dukani yalikuwa yakivunjika shingoni. Caleb alimletea moja lililovunjika. Ndolo akaligeuzageuza, akatafuta mbao za saipresi zisizo na vifundo, akashika tezo.

Makasia mapya yalipokwisha, aliyapeleka bwawani mwenyewe. Caleb akamtazama akiyashusha.

"Mzee, ushawahi kuona hizi vitu zikifanya kazi?"

"Nizionee wapi? Kwetu maji ni ya kuchota."

"Basi ingia."

Mashua ilizunguka palepale mpaka Ndolo akashikwa na kizunguzungu. Watu waliokuwa wakila ufukoni waliacha kula wakamtazama. Kufikia alasiri ilikuwa inakwenda, si kwa kunyooka sana, lakini inakwenda. Jioni alirudi Tena na malengelenge viganjani.

Tangu hapo akawa mtu wa bwawa. Alirekebisha mashua za Caleb, naye Caleb akamwachia moja atumie apendavyo. Alipenda kwamba mpiga makasia huipa mgongo njia anayokwenda, akabaki kuangalia alikotoka kukizidi kuwa kudogo. Mtaani Tena kulikuwa na majenereta, wahubiri wenye vipaza sauti, na majirani wa juu wanaotwanga kila siku. Huku kulikuwa na bata maji tu.

Mkewe, Muthoki, alikuwa karani katika bohari moja ya Industrial Area hadi alipostaafu. Hakumkataza. "Wanaume wengine wakizeeka hutafuta mwanamke," aliwaambia wenzake wa kwaya. "Wangu ametafuta bwawa."

Ndiyo maana Ndolo alishangaa mwezi wa saba Muthoki aliposema naye anakwenda. Alivaa sweta mbili, na juu yake Caleb akamfunga jaketi la kuelea. Akaketi nyuma ya mashua akimwelekea mumewe, mkoba mapajani kana kwamba yuko kanisani.

Walipofika katikati, ukungu ulishuka kutoka milimani. Haukuchukua muda. Ufuko ukapotea, kisha miti, kisha hata maji ya hatua chache mbele. Ndolo aliyainua makasia akayalaza ndani.

"Mbona umeacha?"

"Sijui ufuko uko wapi. Tukienda tu, tutaparamia visiki."

"Tungoje?"

"Tungoje."

Wakangoja. Mashua ilielea bila kwenda popote. Baada ya muda Muthoki akasema, akimwita kwa jina la binti yao kama kawaida, "Baba Ndindi, mimi nataka kurudi nyumbani."

"Ukungu ukiondoka tu, tutarudi."

"Sisemi Tena. Nasema Kathonzweni."

Ndolo alimtazama. Nyumba ya Kathonzweni, kijijini kwao, walikuwa wameimaliza kitambo, milango na kila kitu, ikabaki imefungwa, ikifunguliwa tu siku za mazishi na Krismasi.

"Umeanza kufikiria hayo lini?"

"Zamani. Kila nikitaka kukuambia, unaingia kibandani." Akaushika mkoba vizuri. "Hapa huna pa kuingia."

Hasira ilimpanda kwanza, ikapoa. Kilichomsumbua ni kwamba hakushtuka kama alivyodhani angeshtuka. "Na mimi?" akauliza.

"Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, sitakuburuta. Nimechoka na ploti za kupanga, Ndolo. Nataka kuamka nione shamba."

Ilikuwa miaka mingi tangu amwite kwa jina lake. "Wateja wangu wako Nairobi," akasema polepole. "Huko nitamchongea nani?"

"Najua. Ndiyo maana sikuombi."

Kutoka upande usiojulikana wakasikia sufuria ikigongwa. Alikuwa Caleb, akiwaonyesha ufuko uliko. Ndolo akashusha makasia akaufuata mlio, na kwa kuwa Muthoki ndiye aliyetazama mbele, alimwelekeza. "Kushoto. Kidogo tena. Hapo kuna kisiki, pita mbali." Walifika salama. Caleb aliwapa chai ya tangawizi.

Muthoki alihama mwezi uliofuata. Kochi na kabati vilipakiwa kwenye lori huku majirani wakichungulia madirishani. Ndindi, binti yao aliyeolewa Kitengela, alipiga simu kujua nani amemkosea nani. Kila mzazi kwa zamu yake akamwambia hakuna aliyemkosea mwenzake, naye hakuamini hata mmoja.

Ndolo alihamia chumba kimoja karibu na kibanda. Ugali wake wa kwanza ulikuwa uji. Mwisho wa mwezi hupanda basi la kwenda mji wa Wote, akakaa Kathonzweni mpaka Jumatatu, akarudi na ndengu na kuku. Jumamosi nyinginezo huenda bwawani.

Mama mmoja wa kanisa alimwuliza kama ni kweli ameachwa. Ndolo alisema mkewe yuko kwake na yeye yuko kwake, na kwamba mwezi huu wamezungumza zaidi kuliko mwaka mzima uliopita. Mama yule alisema atawaombea. Ndolo akamshukuru, akarudi kazini.