Kapu la Shangazi na Makala za Taifa

Mkubwa wangu kazini aliamua ijulikane taifa letu linatafiti kiasi gani, na njia aliyoiona ni kuhesabu makala zetu kwenye majarida ya wazi, yale ambayo mtu yeyote duniani anayasoma mtandaoni bila kulipa. "Mtu yeyote duniani" aliyapenda mno maneno hayo, kila kikao anayarudia huku amefungua mikono. Kazi ya kuhesabu nikatupiwa mimi. Nikabeba kompyuta nikaenda nayo likizo Kibingo, huko Kyerwa, kwa shangazi yangu, maana likizo kwa watu kama sisi ni kubadilisha kiti tu.

Utaratibu wenyewe, acha tu. Makala ni yetu ikiwa mwandishi wake wa kwanza ameweka anwani ya nchi yetu. Udongo utoke Karagwe, mdudu akamatwe Nyakasimbi, ndizi zioze Kyerwa, hayo si kitu. Mwandishi huyo akiwa na anwani ya Ulaya, makala ni ya Ulaya. Yaani mgomba wa shangazi yangu unaweza kuwa Mzungu, naye akaendelea kuupalilia bila habari. Halafu kuna swali la pili: je, inasomeka na wote? Hapo unajaza ndiyo, unasonga mbele.

Baada ya shikamoo na kahawa ya kutafuna, nikazunguka kibanjani, kwenye migomba inayoizunguka nyumba. Nusu nzima imenyauka, majani yananing'inia, ndizi zimeiva kabla ya kukomaa na ukizikata ndani ni kahawia. Kibanja hicho aliachiwa na marehemu mumewe, ndicho kinachomlisha, hana kingine. Katikati, migomba michache ilikuwa imefungwa tepe nyekundu zilizokwisha pauka.

Nilimuuliza kwa nini hakukata mapema. Akanishangaa. Kuna watafiti walikuja na gari, akasema, wakafunga tepe hizo na kumwomba asiiguse mpaka warudi na majibu. Nikamwambia kwa hasira kwamba hao hawarudi ng'o. Akacheka, akaniona nimeharibiwa na mji.

"Watarudi. Kapu langu liko kwao."

Siku wanaondoka aliwajazia ndizi kwenye kapu alilolisuka mwenyewe. Na kwetu kapu la mtu hurudi, tena halirudi tupu. Utatia hata chumvi, hata maharage kidogo. Asiyelirudisha ama mmegombana ama amekufa. Shangazi hakugombana na mtu, na misiba ya wataalamu hatukuisikia redioni. Kwa hiyo akasubiri. Ugonjwa, kwa kuwa wenyewe haukuombwa kusubiri, ukaendelea kutembea shina hadi shina. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kapona kweli kweli.

Makala yao niliikuta kwenye zile nilizotumwa kuhesabu. Nilikuwa nimepanda kilimani kutafuta mtandao, maana mtu yeyote duniani, akiwa Kibingo, kwanza apande kilima. Picha ya kibanja ilikuwamo, tepe zikiwa bado nyekundu. Mwandishi wa kwanza, anwani ya ng'ambo. Mwishoni wakulima wa Kyerwa wameshukuriwa kwa ukarimu wao. Kapu halikutajwa.

Nikashuka nikamsomea jikoni, Kiingereza nikikigeuza Kiswahili, na panapokwama nikaingiza Kinyambo. Alitulia kama yuko kanisani. Nilipofika penyewe, kwamba shina lenye dalili likatwe upesi, chini kabisa, kabla halijaambukiza mengine, akainua mkono ninyamaze.

"Hayo waliyajua lini?"

Nikamwambia yalitoka misimu kadhaa iliyopita, na kwamba yako wazi kwa watu wote. Niliona aibu kuyatamka. Nilitamani atukane, angalau amtukane mmoja wao, au hata mimi niliye karibu. Hakutukana. Alichukua panga nyuma ya mlango, akasimama kizingitini.

"Basi kama wamemaliza, mwanangu, sasa naruhusiwa kukata?"

Nikamwambia anaruhusiwa. Akaanza na migomba ile ile ya tepe. Kabla ya kukata alizifungua kwanza, akazipangusa, akazikunja vizuri na kuzitia kwenye pindo la khanga, awape wenyewe watakapoleta kapu.