Mikono ya Jagannath

Wapo watu hasira zao zi puani, na Sihaba binti Nassor wa Malindi, Unguja, ni mmoja wao. Lakini msimlaumu upesi. Mtu amekaa Guangzhou miaka kumi na kitu akiwanunulia wenzake bidhaa, amefungua katoni akakuta viatu vya mguu wa kushoto vitupu, amekuta mabegi ambayo zipu ni pambo tu, halafu mnataka aongee kwa upole? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sihaba alishaumwa sana, basi kila karakana aliyoingia aliingia na ugomvi wake tayari mkononi.

Na mwaka huu alikuwa na sababu ya ziada, maana wateja walikuwa wakimkimbia. Zamani mfanyabiashara wa Darajani au Kariakoo alitua Guangzhou macho yamemtoka, akamhitaji Sihaba ampeleke Liuhua kwenye nguo, ampeleke Yide Lu kwenye vitu vya kuchezea, amsemee, amkagulie, amfungie mzigo. Siku hizi kila mtu ana simu. Anaagiza kiwandani mwenyewe huku amelala kwake, na mzigo ukifika ni uchafu mtupu ndipo anapompigia Sihaba kumlilia. Wakamponyoka mmoja mmoja, mpaka akabaki na mteja mmoja wa maana, na huyo hata Afrika hayuko. Huyo akiondoka, Sihaba hana la kumweka China. Atafunga virago arudi Malindi akasikilize watu wakimpa pole.

Mteja mwenyewe ni Bi Kokila, Mhindi wa Kiponda, jirani wa mamake Sihaba wa tangu na tangu. Alihama Unguja akiwa msichana, akaolewa Leicester, Uingereza, akazeekea huko, lakini Kiswahili chake ni kile kile cha uchochoroni. Bi Kokila ni katika wafuasi wa Jagannath, mungu mmoja wa Kihindu ambaye kwao hasa ni mji wa Puri, India. Huko Puri asiye Mhindu haruhusiwi kutia mguu hekaluni, ila mara moja kwa mwaka mungu mwenyewe hutolewa nje pamoja na nduguye na dada yao, wakapandishwa magari makubwa ya mbao, watu wakayavuta kwa kamba. Siku hizi magari hayo yanavutwa mpaka London, mpaka Amerika, na Leicester pia, na wanaoshika kamba wamo Wazungu wenye mashavu mekundu ambao bibi zao hawakuwahi kuonja hata bizari. Bi Kokila alipenda kusimulia kwamba inavyosemekana, Amerika mungu huyo alionekana kwanza dukani, miaka ya sitini, katika vitu vya mapambo vilivyoagizwa kutoka India, mtu akamtambua hapo rafuni. Sihaba alicheka akasema kumbe hata yeye alipitia mikononi mwa mawakala.

Safari hii Bi Kokila alitaka wanasesere wa kitambaa, mamia, wa kugawiwa watoto siku ya msafara: mmoja mweusi, mmoja mweupe, na dada yao wa rangi ya manjano. Murshid, binamu yake Sihaba, aliposikia alimwandama, eti Mwislamu gani anayeuza masanamu. Sihaba akamwambia ni vitu vya kuchezea watoto, na kama anaona vibaya basi amletee yeye mteja mwingine. Murshid mteja hakuwa naye, akaacha kumwandama.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bi Kokila alituma sampuli, mwanasesere wake mwenyewe wa zamani, moja kwa moja kwenye karakana ya mtaa wa Kangle, Guangzhou, kwa sababu wiki hiyo Sihaba alikuwa mji wa Yiwu akimbembeleza mteja mwingine, ambaye hata hivyo alimtoroka. Sihaba yeye alitumiwa picha tu, nayo ilipigwa hekaluni siku ya sherehe. Miungu imevikwa mashada ya maua mpaka kidevuni; huoni ila macho, makubwa na mviringo kama visahani vya kahawa. Akaona imetosha.

Alipokwenda kukagua mzigo, kazi ilikuwa imekwisha. Mwenye karakana ni mwanamke wa Hubei, mkimya, ambaye wateja wote Waafrika humwita Laoban, yaani bosi. Laoban akamtandikia wanasesere mezani. Sihaba akamshika mweusi, akamgeuza mbele, akamgeuza nyuma. Mikono haina viganja, imeishia kama magogo. Miguu hakuna kabisa. Dada mtu ndiyo usiseme, hata hayo magogo hana.

Lahaula! Damu ikampanda. Aliwahi kuona wakibana uzi, aliwahi kuona wakibana pamba, lakini kubana viungo vya mwili? Akawafokea Laoban na mafundi wake kwa Kichina chake cha sokoni, ambacho robo tatu ni maneno ya kukataa. Laoban akaenda kabatini, akaleta ile sampuli, akaiweka mezani. Sihaba akaitazama: imechakaa, imepauka, mshono wa ubavuni umeachia. Nayo haina viganja wala miguu. Mwenye akili zake hapo angejiuliza. Sihaba akaona amepata ushahidi. Kitu kikuukuu, bila shaka mikono iling'oka zamani, na hawa kama kawaida yao wamekopi mpaka kilema! Si ndio hawa hawa walioletewa shati lenye doa la wino, wakashona mashati elfu yenye doa?

Laoban akamwambia taratibu amuulize mteja. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Wakala anayemuuliza mteja kila kitu, mteja anamtaka wa nini? Si bora aagize kwa simu kama wengine? Akasema haulizi mtu, yeye ndiye mteja hapa, dada mtu apewe mikono, viganja vitiwe, vidole vitano vitano, na miguu yenye viatu. Akarudi siku iliyofuata kusimamia. Mafundi walishona midomo wameibana. Jioni ile wanasesere walikuwa wamekamilika, vidole vimetanuka kama wanaomba lifti, na Sihaba akawapiga picha akampelekea Bi Kokila, akaandika kwa majivuno kwamba kidogo wamdhulumu, lakini Sihaba yupo.

Simu ikalia papo hapo, akatoka nje kuipokea.

"Sihaba, mwanangu," Bi Kokila akasema, "nani aliyewatia mikono?"

Sihaba akaeleza kwa fahari yote.  Kisha bibi akamsimulia, polepole. Zamani huko Puri mfalme mmoja alitaka sanamu za mungu wake na nduguze. Akaja seremala, akasema atazichonga mlango umefungwa, na asije mtu kuufungua mpaka amalize. Siku zikapita, ndani kukawa kimya, hakuna mlio wa tezo. Mfalme uvumilivu ukamshinda, akafungua. Seremala akatoweka, sanamu zikabaki bila viganja wala miguu. Na hivyo hivyo ndivyo wanavyoabudiwa mpaka leo, Puri, Leicester na kote.

"Watoto wa huku kila mwaka huniuliza kwa nini hana mikono," Bi Kokila akasema. "Mimi huwaambia aliachwa hivyo, na hivyo hivyo anapendwa. Sasa nitawaambia nini?"

 Aibu ilimshika Sihaba mpaka masikio yakamwaka moto. Akajichukia, akamchukia na mpiga picha na mashada yake ya maua. Ndege ya mizigo ilikuwa kesho yake asubuhi, na msafara hausogezwi kwa ajili ya mtu. Akasema atarekebisha, akakata simu, akaingia tena ndani ya karakana, ambako mafundi walikuwa washaanza kushona suruali za mtu mwingine.

Laoban alimsikiliza bila kuinua macho. Kisha akamuuliza, "Safari hii umeuliza?"

"Sikuuliza," Sihaba akasema. "Nimeambiwa."

Laoban akamsogezea kigoda na mkasi. Mafundi hakumpa, wale walikuwa na kazi ya watu wanaojua wanachotaka. Wakakaa wawili, Sihaba akikata viganja na miguu, na mikono mizima ya dada mtu, Laoban akifunga mishono. Wa kwanza Sihaba alimkata vibaya, pamba ikamwagika mapajani mwake. Laoban akamwonyesha pa kupitisha mkasi, akaendelea na yake.  Vidole vya Sihaba vikafanya malengelenge, na vile viganja vidogo vikajaa sakafuni, vyeusi, vyeupe na vya manjano.

Walipomaliza, alfajiri, Sihaba akapiga picha nyingine, akaituma. Jibu likaja, safari hii kwa maandishi. Bi Kokila aliandika kwamba wamependeza, ndio hao hasa, Mungu amlipe. Chini yake akaandika tena: "Lakini ile picha ya kwanza niliifungua mbele ya wanakamati wote wa msafara, mwanangu, niwaonyeshe mtu wangu wa China. Wanasema mwakani wataagiza wenyewe kwa simu."

Laoban akauliza kama mteja ameridhika.

"Ameridhika," Sihaba akasema, akainama kuokota viganja.