Kifua cha Dobi

Dobi wa jengo lile alikuwa na mikono hodari na mdomo usiojua kupumzika. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini kabisa, ubavuni mwa ngazi, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kupanda wala kushuka ghorofa zile nne bila kupita mbele ya meza yake ya kupigia pasi. Na kila aliyepita aliacha neno. Dobi alilipokea, akaligeuza huku na huku kama kola ya shati, akalitia wanga kidogo, kisha akamkabidhi mteja aliyefuata. Watu wakambatiza jina la Redio, na hakukasirika. Mwaka mmoja aliwahi kumpongeza bwana wa ghorofa ya pili kwa kutarajia mtoto, bwana akabaki ametoa macho, maana mkewe alikuwa hajamwambia. Tangu siku hiyo mke wa dobi, aliyekaa kwenye kigoda pembeni akishona vifungo vilivyochomoka, alipenda kusema, "Mume wangu kajaliwa kila kitu. Kifua tu ndicho hakupewa."

Ghorofa ya tatu aliishi mwalimu wa hesabu pamoja na mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuondoka leo na kuonekana tena baada ya wiki mbili. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka sita. Dobi alimwita Mkaguzi, kwa sababu kila alipotoka shule alisimama mlangoni, mikono nyuma, akatazama nguo zilizoning'inizwa na kutoa ripoti.

"Babu, shati la tatu bado lina doa."

"Liko wapi?"

"Hapo kwapani."

Na doa lilikuwapo.

Kisha zikaja wiki ambazo Mkaguzi hakukagua. Alikuwa akifika chini ya ngazi, anakaa kwenye ngazi ya kwanza na begi lake mgongoni, anapumzika kama mzee wa miaka themanini. Siku moja dobi aliiona miguu yake. Kuanzia magotini hadi kwenye soksi ilikuwa na madoa ya damu iliyovilia, mengine meusi, mengine yameanza kuwa ya kijani.

"Miguu imefanyaje, mjukuu wangu?"

"Sijui, Babu. Imekuja tu."

Hilo "imekuja tu" ndilo lililomponza dobi. Alijiambia kwamba mtoto anamficha mtu. Akakumbuka sauti ya mwalimu inavyosikika dirishani akimfundisha mwanawe kutoa na kujumlisha, sauti kavu isiyo na mchezo. Yeye naye akajumlisha moja na moja, akapata kumi. Kabla jua halijazama alikuwa amemwambia muuza mboga wa kona, "Yule mwalimu ana mkono mzito, we acha tu." Kesho yake akamwambia fundi viatu. Siku ya tatu jengo zima lilikuwa linajua, na wengine walikuwa tayari wamesikia hata kishindo cha mkanda.

Wiki iliyofuata mtoto alitokwa na damu puani palepale kwenye ngazi, na damu ikakataa kukata. Mwalimu alimbeba mwenyewe, kanga begani imelowa, akasimamisha gari barabarani na kwenda hospitali. Hawakurudi siku ile, wala iliyofuata. Siku ya tano mwalimu alikuja peke yake kuchukua nguo za mtoto. Mke wa dobi alikutana naye ngazini, wakasimama kidogo wakisemezana. Aliporudi chumbani hakukaa kwenye kigoda chake.

"Ni saratani," akasema. "Saratani ya damu."

Dobi akabaki ameshika pasi hewani.

"Na yale madoa," mkewe akaendelea, "ni ugonjwa wenyewe. Damu inavuja chini ya ngozi. Hakuna aliyempiga, mume wangu. Hakuna."

Dobi alizima pasi, saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afungue chumba kile. Alikaa akilitazama rundo la mashuka ya watu bila kuyaona. Mkewe hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Baadaye alivaa viatu, akatoka.

Alianza kwa muuza mboga. "Lile neno nililokuambia juu ya mwalimu," akasema, "nilikuwa mwongo. Mtoto anaumwa." Muuza mboga akashika mdomo, kisha akakiri kwamba naye amekwisha kumwambia dada yake na wateja watatu. Dobi akauliza ni akina nani, akaenda na kwao. Akaenda kwa fundi viatu. Akapanda ghorofa ya nne kwa mlinzi mstaafu, akashuka ya pili. Mahali pengine walimcheka, mahali pengine walimfungia mlango. Siku mbili nzima alikuwa akiyafuata maneno yake mlango kwa mlango, na kila alipodhani ameyafikia mwisho alikuta yameshapita mbele yake. Ndipo alipojua yana miguu mirefu kiasi gani.

Aliyebaki alikuwa mwalimu mwenyewe. Jumamosi alimsubiri chini ya ngazi, kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyesema unampiga mtoto."

Mwalimu alikuwa na mifuko miwili. Hakuiweka chini. "Nilijua, Mzee. Daktari aliponiuliza mara ya kwanza kama kuna mtu anampiga mtoto nyumbani, nilijua ni kazi yake kuuliza. Aliponiuliza mara ya pili nikajiuliza, au na huku hospitali maneno yamefika? Mwanangu amelala pale na dripu mkononi, na mimi nafikiria majirani."

"Nisamehe, mwanangu."

"Sina nafasi ya hilo sasa," mwalimu akasema, akapanda zake.

Zikapita wiki karibu nne. Mtoto aliruhusiwa kurudi nyumbani kati ya dozi moja na nyingine, akapandishwa mgongoni mwa baba yake, kichwa kimefungwa kitambaa. Dobi aliwatazama wakipita akainamisha uso. Alitaka kusema karibuni, akaogopa hata neno hilo.

Siku chache baadaye, baba akiwa amerudi barabarani, mwalimu aliingia kwenye chumba cha dobi kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa amekonda, na macho yamerudi ndani. Akaweka fungu la mashuka mezani.

"Haya ni ya mtoto. Nesi amesema kinga yake ya mwili imeshuka, kila kitu kinachomgusa kiwe kisafi. Utaweza kuyafua peke yake?"

"Maji ya moto, peke yake, na pasi pande zote mbili."

"Vizuri." Mwalimu hakuondoka. "Na jingine. Jana, kutoka hapa chini mpaka mlangoni kwangu, nimeulizwa mara kumi na moja mtoto anaendeleaje. Nimehesabu. Wananiuliza kwa wema, najua. Lakini nikifika mlangoni sina hata sauti ya kumwambia mwanangu nimerudi. Wewe si ndiye Redio?"

Dobi akakubali kwa kichwa.

"Basi tangaza. Kila Ijumaa asubuhi nitakuja nikwambie mara moja, nawe uwaambie wote. Neno langu kama lilivyo. Usiongeze, usipunguze."

"Bila wanga," dobi akasema.

"Hata tone la maji usitie."

Hivyo ndivyo dobi alivyopata kazi ya pili, na ilimtesa kuliko ya kwanza. Ijumaa mwalimu akisema, "Amekula uji, homa hakuna, Jumatatu anarudi kuwekewa dawa," basi ni hayo tu. Watu walimzunguka wakimchokonoa. Atapona? Sikuambiwa. Nywele zimetoka zote? Sikuambiwa. Mama yake analia? "Bibi wee," akamjibu muuza mboga, "niliyotumwa nimeyamaliza, lete kabichi niende." Mkewe, sindano mdomoni, alikuwa akimtazama kama anayemtazama mgeni.

Si kila mara alinyamaza. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alianza kuwavuta wanawe ukutani kila mwalimu alipopita. Dobi akamwita. "Haiambukizi, mama. Mwalimu kanieleza, naye kaelezwa na daktari. Ila mafua ya wanao ndiyo yanaweza kumwangusha yule mtoto. Kama ni kuogopa, basi mwogopee yeye." Yule mama aliona haya, na tangu hapo kila mwanawe alipopiga chafya alimkataza kabisa kukanyaga ghorofa ya tatu.

Mlinzi mstaafu naye alileta chupa ya mizizi iliyochemshwa, kijani kibichi, inanuka toka mbali. Dobi aliipokea kwa mikono miwili ili asimvunje moyo. "Mzee mwenzangu, mwalimu amesema mtoto asinywe chochote ambacho daktari hakijui. Lakini maji hayapandi mpaka ghorofa ya tatu siku hizi. Una mikono?" Mlinzi akatazama mikono yake kama mtu anayeulizwa jambo gumu. Tangu siku hiyo ndoo mbili zilikuwa mlangoni pa mwalimu kila asubuhi kabla hajaamka. Muuza mboga akachukua zamu ya kupiga deki ngazi kwa dawa. Fundi viatu, ambaye hakuwa na la kufanya, akalinyamazisha bawaba la mlango wa chini lililokuwa likilia siku zote, mtoto apate kulala mchana.

Mwezi wa tatu tangu mtoto alazwe, Ijumaa moja, mwalimu alichelewa. Alipokuja alikaa kwenye kigoda cha mke wa dobi, ambaye alikuwa ameenda kununua uzi. Akaokota kifungo kilichoachwa pale, akawa anakichezea.

"Wamempima uboho wa mfupani," akasema. "Dawa hazijausafisha ugonjwa. Umepungua, lakini upo. Wanabadilisha, wanampa kali zaidi. Daktari amesema atakuwa na wakati mgumu, na hakuniahidi kitu."

Dobi akaiweka pasi pembeni. Kwa mara ya kwanza hakutafuta la kusema.

"Hili lisitoke, Mzee. Baba yake yuko njiani na lori, bado siku nne. Simu yake inapigwa na kila mtu wa jengo hili. Akilisikia kwa mtu mwingine, akiwa kwenye zile kona za milimani..." Hakumaliza.

"Halitatoka."

"Waambie mtoto amelala vizuri. Hilo ni kweli."

Siku nne zile dobi alizikumbuka mpaka mwisho. Alitangaza kwamba mtoto amelala vizuri, na watu wakashukuru, wakaenda zao. Lakini neno lilikuwa limemkaa kifuani kama kipande cha muhogo mkavu. Chakula hakikupita. Mkewe alimuuliza mara mbili, na mara zote akasema ni tumbo. Mara ya tatu mkewe alimtazama sana, kisha akasema, "Basi usiniambie," akamletea chai ya tangawizi. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa yao hakuwahi kumficha hata bei ya sabuni.

Siku ya nne, mchana, dereva alishuka kwenye teksi na begi lake la turubai. Kama kawaida yake alianza kwa dobi.

"Shikamoo, Mzee wangu. Mkaguzi wetu vipi?"

"Marahaba." Dobi akaweka pasi kwenye kibao chake. "Panda juu, mwanangu. Mama yake anakusubiri."

Dereva alitabasamu, halafu tabasamu likaanza kuisha taratibu. "Mzee. Wewe kweli ukose jibu?"

"Yuko hai, yuko kitandani kwake, asubuhi kanywa chai. Mengine ni ya mkeo kukwambia. Panda."

Akalichukua lile begi, akatangulia ngazini. Mlangoni alibisha, akaweka begi chini, akashuka kabla mlango haujafunguliwa. Mkewe alimkuta amekaa nyuma ya mashuka yaliyoning'inizwa chumbani, akilia bila sauti. Akakaa naye.

Dawa zile kali zilimtesa mtoto kama daktari alivyosema. Kulikuwa na wiki alizokaa wodini bila kuongea, na Ijumaa ambazo mwalimu alisema neno moja tu, "Bado," na dobi akalitangaza hivyohivyo. Dereva aliomba safari fupi ili alale nyumbani. Kisha, polepole, vipimo vikaanza kusema lugha nyingine. Kwanza ugonjwa haukuonekana. Mara ya pili haukuonekana. Dawa ziliendelea, za vidonge na za sindano, mpaka karibu miaka mitatu ikatimia, ndipo daktari akasema sasa zisimame, wabaki na kipimo cha kila mwezi. Hakusema amepona kabisa. Alisema tungoje na tutazame. Dobi alilitangaza neno hilo kama lilivyo, ingawa fundi viatu alimbembeleza sana alifupishe liwe "amepona".

Mtoto alirudi shule, darasa moja nyuma ya wenzake, mrefu kuliko wote. Mwalimu naye alirudi kufundisha kutwa nzima. Ila Ijumaa aliendelea kupita, sasa saa kumi jioni, akiwa na chupa ya chai.

Ijumaa moja ya namna hiyo alikaa akamweleza dobi na mkewe juu ya mwanafunzi mpya anayeandika tarakimu zote kinyumenyume, hata nane. Dobi akasema hilo haliwezekani, nane ni nane tu. Mwalimu akachukua chaki ya kuwekea alama za nguo, akachora mezani kumwonyesha mtoto yule anaanzia wapi kuizungusha. Wakawa bado wanabishana mvua ilipoanza kudondoka. Mke wa dobi akaruka, "Mashuka ya watu!" Wote watatu wakapanda mbio hadi juu ya paa kulikoanikwa nguo, mwalimu na viatu vyake vya kazini, wakakuta binti yake amewatangulia, vibanio vitatu mdomoni, shuka la kwanza limekwishakunjwa begani.